Ndururu ya Wanjiru

Jumapili iliyopita tulikula nyama shambani kwetu Gakindu, na mvua ikatufukuza uani tukaingia na sahani zetu ndani ya ile nyumba ndogo ya zamani, ya chumba kimoja, niliyoijenga kabla sijawa mtu wa kuitwa mzee na watu wa benki. Siku hizi tunaweka humo magunia ya mbolea na vyombo vya shamba. Tukajipanga juu ya magunia na viti vya plastiki. Mke wangu alikuwa na sufuria ya mukimo kwenye mapaja, mjukuu wangu amesimama mlangoni akipima mvua na kiganja, na binti yangu Wanjiru ameketi katikati kabisa ya chumba, mahali ambapo mimi singeketi. Tone likaanguka kwenye sahani yake. Akasogeza sahani. Lingine likamwangukia begani. Akaangalia juu, halafu akaniangalia mimi. "Baba, wewe unauzia watu mabati kutoka Mukurweini mpaka Nanyuki," akasema, "na hapa umeshindwa na tundu moja?" Nikamwambia ale, nyama inapoa. Mjukuu wangu hakugeuka pale mlangoni, lakini mkono wake uliokuwa ukichezea mvua ulitulia.

Nataka unielewe vizuri. Mimi si fundi wa kubahatisha. Shule niliacha darasa la tano, nikabeba ngazi za watu, nikashikilia misumari kwa meno mpaka ulimi ukajua ladha ya chuma, na leo ukisimama pale Gatitu asubuhi, jua likipiga, mabati mengi yanayokumulika macho ni yangu. Niliyapiga mimi au yalipigwa na vijana niliowafundisha. Kuna watu wenye digrii ambao hulala usingizi mtamu mvua ikinyesha kwa sababu yangu, na wengine hawajui hata jina langu, na mimi sijali, bora tu walilipa. Katika hayo mapaa yote hakuna linalovuja. Uliza. Linalovuja ni hili moja, langu mwenyewe, na lilikuwa linavuja kwa sababu mimi niliamua livuje. Nikiwa nimekaa pale na mfupa mkononi, nikisikia tone likigonga kiti cha plastiki, nikaurudia ule mwaka wote kichwani, mwaka wa trei ya mayai, na nikaona kwamba nisipouandika nitaendelea kuwa mtu wa kujibu, "Kula, nyama inapoa."

Mwaka huo Wanjiru alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba, akatuachia mtoto wake wa darasa la pili. Mtoto huyu ana jina la mke wangu, Wairimu, kama desturi yetu ya majina inavyotaka, na kwa sababu ya udogo tulimwita Kairimu. Kwa hivyo mimi, kama guka yeyote wa kwetu, yaani babu, nilikuwa namwita bibi yangu, na yeye alikuwa akinijibu kwamba hawezi kuolewa na mzee anayekunywa chai amesimama. Na ni kweli, nilikuwa nakunywa chai nimesimama. Nilikuwa na duka la mabati pale Chaka, lori mbili barabarani, vijana juu ya paa la kanisa huku na juu ya paa la shule kule, na simu mbili mfukoni. Mtu wa kuketi ni mtu aliyemaliza kazi. Mke wangu alikuwa akisema kwamba kiti changu cha sebuleni kitauzwa kikiwa kipya. Hata kanisani nilikuwa nakaa karibu na mlango. Sasa weka mtoto wa miaka saba ndani ya maisha kama hayo uone. Shule yake ilikuwa Chaka, kwa hivyo kila asubuhi tulitoka nyumbani Gatitu pamoja kwa pikapu, na kila alasiri alikuja dukani akaketi juu ya roli za waya, miguu ikining'inia, sare imejaa vumbi la Kieni, akiangalia mlango. Hakulia. Ningejua la kufanya na mtoto anayelia. Huyu alikuwa anaangalia mlango tu.

Zile sarafu mpya zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kuonekana, hizi za wanyama. Siku moja fundi mmoja akalipa misumari kwa sarafu, na moja ikabingirika kwenye kaunta mpaka kwa Kairimu. Akaigeuza, akaona simba. Akachukua ile ya zamani, yenye kichwa cha rais, kutoka kwenye droo, akaweka zote mbili kwenye goti. "Guka, huyu mzee ameenda wapi?" akauliza. Nikamwambia wazee wamestaafu, wamepisha wanyama. Yule fundi akacheka mpaka akashika kaunta, akasema wanyama wenyewe si ajabu wataiba kidogo. Kairimu hakucheka. Akauliza tena hiyo nambari hapo chini ni ya nini. Nilikuwa na simu moja sikioni na nyingine inalia, nikamjibu jinsi ilivyokuja mdomoni: "Ni mwaka ilipozaliwa." Akaigeuza tena, kisha akasema, "Basi iko na rika yake." Nikasema ndiyo, iko na rika, kama mtu. Niliona nimemjibu vizuri, nikarudi kwa simu yangu. Ni maneno ya kumnyamazisha mtoto, lakini yeye hakuyachukua hivyo. Jioni hiyo, kabla hatujafika nyumbani, alikuwa ameniuliza mwaka wangu, akaniuliza wa mke wangu, na akaomba trei ya mayai iliyo tupu.

Hiyo trei iliwekwa kwenye meza ya sebuleni, juu ya kitambaa ambacho mke wangu alifuma mwenyewe na ambacho hata mhubiri haruhusiwi kuweka kikombe juu yake. Kila tundu la yai lilikuwa la mtu. Tundu la Guka, tundu la Cucu, yaani nyanya yake, tundu la mwalimu wake, tundu la yule mama wa viazi anayeuza mbele ya duka. Mtu alikuwa akiulizwa mwaka wake, na sarafu ya rika yake ikitafutwa. Mafundi wangu walikuja na simenti mikononi wakitoa senti za zamani walizookota chini ya sakafu walizobomoa, wakimwambia, "Shika, mama, niwekee mahali pangu, na usiniweke karibu na huyu Kamau, anakoroma." Na mimi nikaingia ndani yake bila kujua. Mimi nikifanya kitu sifanyi kidogo. Nikaanza kuangalia chenji kabla ya kuitia mfukoni. Nikaanza kusimamisha pikapu kwenye maduka ya vijijini, yale yenye droo ya mbao, nikimwomba mwenye duka anionyeshe zile pesa ambazo hazipiti tena. Waliona ni mzaha wa tajiri. Nilipata senti kumi iliyotoboka katikati kule Karatina, nikapata peni za wakati wa wazungu kwa mzee wa Kiganjo, na nilikuwa nazileta nyumbani nikizitikisa kwenye ngumi mlangoni ili Kairimu asikie. Alikuwa akitoka mbio bila viatu. Kwa dakika hizo chache hakuwa anaangalia mlango kwa sababu ya mtu mwingine. Na mimi, nakwambia, nilianza kuketi. Huwezi kupanga sarafu umesimama.

Wanjiru alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Simu ya kumngoja ilikuwa inawekwa ndani ya glasi kwenye dirisha la sebuleni, kwa sababu hapo ndipo mtandao ulikuwa unashika, na sisi tunakaa na chai na mandazi tukijifanya tunaongea mambo mengine. Ikilia, Kairimu anashika kwanza. Alikuwa anamwambia mama yake habari za trei, nani ameingia na nani bado. Halafu kukaja Jumapili ambayo haikulia. Tukasema pengine ana kazi. Ikaja nyingine. Chai ikapoa, mke wangu akaipeleka jikoni akairudisha moto, ikapoa tena. Nikawaambia mtandao wa upande huo umeharibika, nimesikia kwenye redio. Sikuwa nimesikia chochote. Nilienda Nairobi kwa ofisi ya watu waliompeleka, nikiwa nimevaa ile koti yangu ya harusi za watu, na mimi nikivaa hiyo koti milango hufunguka. Pale haikufunguka. Kijana mmoja akaniambia, "Mzee, subiri, mwajiri amechukua simu tu, ni kawaida." Nikamuuliza kawaida ya nani. Akaniambia nikae nje kwenye benchi. Nikakaa kwenye benchi. Niliporudi Gatitu nikasema mambo ni sawa, na jioni hiyo nilizunguka boma langu nikikagua seng'enge ambayo ilikuwa nzima.

Jikoni yetu ya kuni iko nyuma ya nyumba kubwa, na ukisimama kwenye kisima unasikia yote yanayosemwa ndani. Siku moja nilikuwa nanawa miguu hapo, nimetoka Chaka, na mke wangu na Kairimu walikuwa ndani wakiambua maharagwe. Nilisikia maganda yakianguka kwenye karai. Kisha nikamsikia mtoto akiuliza mama yake ni wa mwaka gani. Mke wangu akamwambia. Maharagwe yakaendelea kidogo.

"Hiyo hakuna," Kairimu akasema. "Nimetafuta kwa zote. Ya Guka iko. Yako iko. Yangu ziko mbili. Ya mama hakuna."

"Itapatikana."

"Cucu, kama mtu hana pesa yake, ni kama hayuko?"

Maharagwe yalisimama. Nilishika mguu mmoja hewani na maji yakichuruzika. Mke wangu akamuuliza nani alimwambia jambo kama hilo, na mtoto akajibu kwamba hakuna mtu, ameona tu, kwa sababu simu nayo hailii. Mke wangu si mtu wa maneno mengi. Nikasikia karai likisogezwa, halafu akasema, "Guka atatafuta. Umeona kitu gani Guka alitafuta akakosa?" Na mimi nikiwa pale nje na mguu mmoja wenye sabuni, nikajua kwamba hayo maneno yalikuwa yangu, ni mimi huyasema kila siku mezani, na sasa yamenishika shati.

Wiki zilizofuata sikulala vizuri na sikukaa mahali pamoja. Vijana wangu wakaanza kuogopa kunipigia simu. Nilikuwa nikipeleka mabati Nanyuki nikirudi kupitia njia ndefu, kila soko ninasimama. Nilimwaga droo za wauza duka juu ya kaunta zao, nikivaa miwani ya kusomea ambayo nilikuwa naficha kwa wateja. Nilipata mwaka wa kabla yake. Nilipata wa nyuma zaidi. Wake, hapana. Sasa, karibu na lile bango la ikweta upande wa Nanyuki kuna watu wanaouzia watalii vinyago na pesa za zamani, na mmoja wao, kijana mwenye kofia ya ngozi, akaniambia anao. Akaenda nyuma, akakaa huko, akarudi akiwa ameufunga kwenye karatasi. Nikauangalia kwenye jua. Mwaka ndio wenyewe. Bei aliyoniambia ningeweza kununua nayo mbuzi. Mimi mtu hawezi kuniibia. Nimenunua misumari kwa Wahindi tangu nikiwa na miaka kumi na saba, najua uso wa mtu anayedanganya. Nikalipa. Nikaendesha mpaka Gatitu nikiimba.

Kairimu alitoka mbio kama kawaida. Akaichukua, akasoma nambari kwa sauti, na uso wake ukafunguka, nami nikaketi kwenye kile kiti changu kama mfalme. Kisha akaipitisha kidole gumba, taratibu, jinsi alivyokuwa anafanya na zote. Akairudia. Akachukua yangu kutoka kwenye trei, akaipitisha kidole pia. "Guka, hizi zingine nambari imesimama," akasema. "Hii imeingia ndani. Hii ni mtu aliandika." Nikavaa miwani. Nambari ya mwisho ilikuwa imepigwa tupa ikachorwa upya. Kairimu hakuitupa. Aliiweka kwenye kona ya trei, kwenye tundu lisilo la mtu, na tundu la mama yake akaliacha wazi.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, nilimvuta kando jirani yetu mmoja aliyestaafu kutoka benki, mtu mpole wa kupenda maua, nikamweleza mwaka ninaoutafuta. Akafikiria akiwa amebana biblia kwapani. Akaniambia nisijisumbue. Alikuwa akihesabu sarafu za miaka yote hiyo, na mwaka huo haukumpitia mikononi, kwa sababu si kila mwaka serikali ilikuwa ikitengeneza. Kuna miaka zilikuwa zimetosha. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema, "Baba Wanjiru, huwezi kupata kitu ambacho hakikutengenezwa." Alisema kwa upole kabisa na akaenda kumsalimia mhubiri. Nilikaa ndani ya pikapu. Nyumbani simu ilikuwa inangoja kwenye glasi, na mimi nilikuwa mtu mwenye lori mbili ambaye hawezi kwenda kumwambia mtoto kwamba mama yake alizaliwa mwaka ambao haukuwa na pesa.

Mimi nikizidiwa huwa nabomoa kitu. Jumamosi iliyofuata nikaamua ile nyumba ya Gakindu iende. Ilikuwa imekaa pale bure, mabati yamegeuka rangi ya chai, na nilikuwa nataka kujenga stoo ya maana ya kahawa. Sikuita kijana yeyote. Nikachukua ngazi na nyundo ya makucha, nikamchukua Kairimu kwa sababu alikuwa anakataa kula na mke wangu alisema hewa itamsaidia. Tulipita kwenye miti ya kahawa iliyochanua, na yeye hakuuliza hata maua ni ya nini. Nikamwambia akae chini ya mparachichi, nikapanda. Nilikuwa na umri wa karibu miaka hamsini na bado napanda paa bila kushikwa, niandikie hilo. Nikaingiza makucha chini ya kichwa cha msumari wa kwanza, pale katikati, karibu na mgongo wa paa, nikavuta. Ukalia jinsi misumari ya zamani inavyolia. Ukatoka na kitu cha mviringo kimeuzunguka shingo, cheusi, na sikukitambua mpaka nilipokisugua kwenye suruali.

Ilikuwa ndururu. Ile senti tano ya wakati wa wakoloni, yenye tundu katikati.

Nikakaa juu ya paa. Kijana wa leo ananunua msumari wenye kofia yake na mpira wake, hajui. Zamani msumari ulikuwa msumari tu, na usipouwekea pete chini ya kichwa, maji yanaingia na upepo unang'oa bati. Pete zilikuwa zinauzwa, na mimi sikuwa na cha kununulia, kwa sababu wiki hiyo ndiyo mke wangu alijifungua na kila kitu kilikuwa kimebaki hospitali. Mtoto yuko njiani kuletwa, na nyumba haina paa. Mama yangu akatoka kwake na uzi wa katani wenye ndururu, zimepangwa kama shanga, alizokuwa amelipwa akichuma kahawa ya wazungu na hazikuwa zinanunua kitu tena. Zilikuwa zinaning'inia nyuma ya mlango wake tangu nikiwa mdogo, na hatukuwa tunaruhusiwa kuzigusa. Akanitupia pale juu nilipokuwa. Akasema mjukuu wake hataogeshwa na mvua. Nikapiga paa lote na pesa za mama, na jioni yake mtoto akaletwa amefungwa kwa shuka, akalala chini yake. Nilikuwa nimesahau. Unapiga mapaa mengi katika maisha, na la kwanza linazikwa chini ya mengine.

Nikashuka. Nikampa Kairimu. Akaiangalia, akatia kidole kwenye tundu, akasoma nambari pole pole kwa sababu ilikuwa imelika.

"Hii ni ya zamani sana. Hata wewe hukuwa umezaliwa."

"Ndiyo. Ilikuwa ya Wanjiru."

"Mama?"

"Wanjiru yule mwingine. Mama yangu. Si unajua mama yako alipewa jina lake?"

Akafikiria. Mtoto wa kwetu hili analijua kabla ya kujua kusoma, kwamba jina si la kuazima. Aliyepewa jina la mtu ni huyo mtu amerudi. "Ndiyo maana unamwita mama maitu," akasema. Nikamwambia ndiyo, maitu ni mama yangu, na huwezi kumwita mama yako kwa jina usoni pake. Kisha nikamweleza habari ya uzi nyuma ya mlango, na pete, na shuka. Nikamwambia mwaka wa mama yake haukuandikwa kwenye pesa yoyote, lakini hii ndiyo iliyopigiliwa juu ya kichwa chake siku alipoletwa, na imekaa hapo ikimzuilia mvua miaka yote hiyo. Sikujua kama atakubali. Nimeuza vitu vigumu maishani, nimemuuzia mabati mtu aliyekuja kununua makuti, lakini sijawahi kumngoja mnunuzi namna ile.

Akaiweka kwenye kiganja, akafunga. "Ni yake," akasema. Halafu akaangalia juu. "Na hapo ilitoka, mvua itaingia?"

"Itaingia. Lakini naweka msumari mwingine sasa hivi."

"Usiweke. Mama ndiye ataweka akirudi."

Nikamwambia bati litaoza. Nikamwambia mimi nina jina la kulinda. Akaniangalia tu, na nikarudisha ngazi kwenye pikapu, nyumba yangu ikabaki imesimama na tundu moja juu yake. Njiani alikula maparachichi mawili na chumvi. Jioni hiyo tundu la mama yake kwenye trei lilikuwa na mtu, na mke wangu, alipoiona ile ndururu, aliishika muda mrefu akairudisha, akaenda jikoni akaongeza maji ya chai.

Sitaki useme kwamba simu ililia siku ya pili. Haikulia. Zilipita Jumapili nyingine nyingi za kuweka simu kwenye glasi. Lakini Kairimu alikuwa akila, na mimi nilikuwa nikingoja nimeketi. Wanjiru alirudi mwaka ukiisha, kwa msaada wa watu wa kanisa moja huko, akiwa na mfuko mmoja na kiuno ambacho ungekizungushia vidole. Hakutueleza, na hatukumuuliza. Tukamlisha. Nilingoja Kairimu atoe ile ndururu, hakutoa. Nilipomuuliza kando, akaniambia, "Bado hajarudi, Guka. Anaongea na simu na wale watu." Na ilikuwa kweli, kwa miaka Wanjiru hakuacha kusema kwamba akipata mwajiri mzuri atarudi huko, hapa hakuna pesa. Akahamia Nanyuki na mtoto, akafungua kibanda cha nguo, akakifunga, akafungua kingine. Kila mkutano wa familia ulikuwa na pasipoti yake ndani yake. Mvua ikawa inaingia Gakindu, bati likaanza kuoza pale kando ya tundu, na vijana wangu wakawa wananicheka kwa siri.

Sasa rudi Jumapili iliyopita. Baada ya lile tone la begani na mimi kumwambia ale, Wanjiru alisogeza kiti, akafuta sahani kwa tonge la mukimo, akasema kana kwamba anaomba chumvi kwamba amelipia chumba cha duka pale Nanyuki, cha mawe, miaka mitatu, na wale watu wa Uarabuni walimpigia wiki iliyopita akawaambia wasimpigie tena. "Nimechoka kuwa mtu wa kungojwa," akasema. Mke wangu aliweka kijiko chini.

Kairimu akageuka pale mlangoni. Siku hizi ananipita mabega na hataki tena kuitwa Kairimu, anasema yeye ni Wairimu na nikimwita bibi yangu mbele ya wenzake atahamia mbinguni. Akafungua mkoba wake, akatoa shada la funguo, akachomoa kwenye pete yake ile ndururu, nyeusi, imelainika kwa miaka ya vidole. Akamwekea mama yake kwenye goti. "Guka," akasema, "leta ngazi, na msumari wa zamani, usilete hii ya kofia."

Mvua ilikuwa imepungua ikawa ya kunyunyiza. Nilimshikilia Wanjiru ngazi mimi mwenyewe, na mtoto akamweleza mama yake habari yote akiwa chini, akipiga kelele juu ya mvua, mama akiwa amepanda na nyundo mkononi na kitambaa kimemdondoka kichwani. Niliona akiacha kupiga. Niliona akiipitisha ndururu kidole. Kisha akaendelea, mapigo mengi, ya mtu asiyejua, na msumari ukaenda upande, ukajikunja shingo kabla haujafika chini. Huo ni msumari ambao kijana wangu akipiga namfukuza siku hiyo hiyo. "Baba, umeingia sawa?" akaniuliza kutoka juu.

Nikamwambia umeingia sawa. Nikaishika ngazi, akashuka.